Nimeambiwa sitaitwa tena kliniki, nipige simu nikiona dalili. Je, nimetupwa?

Assalaam aleikum, wahariri wa safu ya afya.

Mimi ni mama wa miaka 61, mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester, Uingereza, kwa binti yangu. Mwezi wa Februari nilitolewa kizazi chote pamoja na mirija na ovari, kwa upasuaji wa matundu madogo, baada ya kutokwa damu ilhali hedhi ilikatika zamani. Majibu yalisema ni saratani ya mfuko wa uzazi, hatua ya 1A, gredi 1, yaani bado ya mwanzo na isiyo kali. Sikupigwa mionzi wala kupewa kemo. Nikamshukuru Mungu.

Mei nikakaa na muuguzi maalumu wa saratani. Akanieleza kwamba sitapewa tena tarehe za kliniki. Akanipa karatasi yenye dalili na namba ya simu, akasema kwa miaka 5 nikiona jambo nipige mwenyewe. Mpango huo wanauita PIFU, yaani ufuatiliaji unaoanzishwa na mgonjwa mwenyewe. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa, lakini nilitoka pale nikijiona nimetupwa. Jirani yangu aliyetibiwa saratani ya ovari anaitwa kila miezi mitatu na anatolewa damu. Binti yangu anasema hospitali inabana matumizi tu, nidai skani.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita nilikuta alama ya rangi ya waridi kwenye chupi, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Haijarudi. Sikupiga simu: haikuuma, Kiingereza changu cha simu ni kibovu, na niliona nitasumbua watu kwa tone moja.

Novemba nakwenda Mombasa kwa miezi minne. Nifanyeje nikiwa kule? Na mdogo wangu wa kike aliye Mombasa anauliza kama naye apimwe.

Mama wa Leicester

JIBU

Waaleikum salaam, mama yetu.

Kwanza piga ile simu, halafu urudi kusoma. Leo hii kama ni siku ya kazi. Kama ni wikendi au sikukuu, asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi. Karatasi ile iliandikwa hasa kwa ajili ya alama kama hiyo uliyoiona. Katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo baada ya kutolewa kizazi, damu kidogo huwa ni ya kidonda kinachopona na nyuzi zinazoyeyuka. Miezi mingi baadaye hali si hiyo tena, na damu yoyote ukeni, hata ya waridi, hata ya mara moja, hata isiyouma, inahitaji kutazamwa kwa macho.

Kutazamwa hakumaanishi saratani imerudi. Mara nyingi chanzo ni utando wa uke uliokonda na kukauka kwa kukosa homoni ya kike ya estrojeni, ukachubuka. Pengine ni vinyama laini vilivyoota kwenye mshono wa juu ya uke, ambavyo hutoka damu vikiguswa na huchomwa kwa dawa ya nitrati ya fedha palepale kliniki, kazi ya dakika chache. Mara chache ni saratani. Wewe huwezi kuzitenganisha kwa kuangalia chupi, nasi hatuwezi kwa kusoma barua.

Sasa simu yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mara nyingi utapokewa na mashine. Usikate. Acha ujumbe wenye mambo haya: jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba yako ya hospitali (iko juu ya kila barua waliyokutumia), namba ya simu ya mkononi, kwamba ulifanyiwa upasuaji Februari na uko kwenye PIFU, na kwamba umeona damu, tarehe gani. Yaandike kwanza kwenye karatasi uyasome. Binti yako anaweza kusema kwa niaba yako ukiwa kando yake na ukakubali kwa sauti yako, lakini lugha isikuzuie: sema maneno mawili, “Swahili interpreter”, na hospitali itafute mkalimani. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hutoa mkalimani bila malipo, kwa simu au ana kwa ana. Kwenye chumba cha uchunguzi tunakushauri umtake mkalimani hata kama binti yupo. Utaulizwa kuhusu tendo la ndoa, kuhusu haja ndogo na kubwa, na mama mbele ya mwanawe huficha. Naye mtoto akipewa habari nzito huipunguza makali kabla ya kuifikisha.

Baada ya kuacha ujumbe, pokea simu zisizoonyesha namba. Hospitali nyingi za Uingereza hupiga namba ikiwa imefichwa, na watu wetu wengi wana tabia ya kuziacha zilie wakidhani ni matapeli. Muuguzi akipiga mara mbili bila kupokewa, unaweza kurudi mwisho wa foleni. Siku 2 za kazi zikipita kimya, piga tena; kisha mpigie katibu wa daktari bingwa aliyekupasua, jina lake limo kwenye barua. Ikishindikana, nenda kwa GP, daktari wako wa mtaani, na useme wazi kwamba ulitibiwa saratani ya kizazi na sasa umetoka damu. GP ana uwezo wa kukurudisha kwa njia ya haraka ya wanaoshukiwa saratani.

Ukiitwa, utalala kama siku ile ya kwanza. Daktari au muuguzi ataingiza spekulamu, kifaa cha kupanua uke, aone uke wote hadi kwenye mshono, kisha atapapasa kwa vidole, na pengine kupitia njia ya haja kubwa, kwa sababu uvimbe ulio nyuma ya mshono huhisika vizuri zaidi huko. Akiona pasipoeleweka atachukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Akiona sababu ya kutazama ndani zaidi ndipo ataomba skani. Usioshe ndani ya uke wala kupaka kitu siku mbili kabla, ili aone hali ilivyo.

Tuje kwenye kutupwa. Tunaelewa kwa nini umehisi hivyo, na tunadhani mpango haukuelezwa kwako kwa namna iliyostahili. Kikao chenye kichwa kinachotikiswa bila mkalimani hakitoshi. Lakini mpango wenyewe una msingi. Kwa miaka mingi wanawake waliotibiwa saratani za uzazi Uingereza waliitwa kila miezi mitatu, kisha sita, hadi miaka 5. Ilipochunguzwa saratani zilizorudi zilivyogunduliwa, nyingi zilijitangaza kwa dalili ambayo mgonjwa aliiona mwenyewe, wala hazikukutwa na daktari kwa mtu asiye na lalamiko. Tena tarehe za kliniki zilikuwa na madhara yake. Mama anatoka damu wiki ya pili ya Machi, tarehe yake ni Mei, anasema nitamwambia daktari Mei. Miezi miwili inapotea. Hilo ndilo kosa ambalo mpango huu umekuja kulifunga, na ndilo hilo umelifanya wewe kwa wiki mbili hizi.

Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa saratani za uzazi cha Uingereza, BGCS, kilitoa mwongozo wa nani anafaa. Wenye saratani ya mfuko wa uzazi ya hatari ndogo, kama yako, wanaweza kuanza punde matibabu yanapokwisha, kwa sababu uwezekano wa kurudi ni mdogo, chini ya wanawake 10 katika 100, na wenye 1A gredi 1 wako chini zaidi ya hapo. Wenye hatari ya kati, au saratani ya mlango wa kizazi, kwa kawaida hupita kwanza miaka 2 ya kliniki, kwa kuwa marudio mengi hutokea katika miaka 2 hadi 3 ya mwanzo. Asiyefaa ni yule ambaye bado ana matibabu, aliyewahi kurudiwa, aliyebakishiwa kizazi ili azae, au ambaye kwa sababu ya afya ya akili, kumbukumbu au lugha isiyosaidiwa hawezi kutambua dalili na kuita msaada. Ukiona wewe uko kwenye kundi hilo la mwisho, sema. Mpango huu ni wa hiari. Una haki ya kuomba kurudishwa kliniki za tarehe, leo au mwaka ujao.

Je, hospitali inapata nafasi zaidi kliniki? Ndiyo, na hakuna sababu ya kulificha. Nafasi hizo ndizo zinazofanya mwenye dalili aonwe upesi. Ukipiga simu na usionwe upesi, hapo hospitali haitimizi upande wake, na una haki ya kulalamika.

Kuhusu skani, mwambie binti yako hivi. Utafiti wa TOTEM uliofanywa Italia na Ufaransa na kuchapishwa 2022 uliwagawa wagonjwa zaidi ya 1,800 wa saratani ya mfuko wa uzazi katika makundi mawili: moja likapimwa kwa wingi, jingine kwa uchache. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa karibu sawa, takriban 91 na 92 katika 100, na wale waliopimwa sana hawakuwa mbele. Skani ya Juni hukuambia habari za Juni, haikulindi Septemba. Huonyesha pia vivimbe vya mapafu au ini visivyo na maana, vikazaa skani nyingine na usiku usio na usingizi. Faida ya kuwahi dalili iko wazi zaidi: kwa mwanamke ambaye hakuwahi kupigwa mionzi, saratani iliyorudi juu ya uke peke yake mara nyingi bado inatibika kwa mionzi kwa lengo la kupona kabisa. Wewe hukupigwa mionzi, kwa hiyo silaha hiyo bado ipo mkononi.

Jirani yako ana ugonjwa mwingine. Saratani ya ovari hurudi mara nyingi zaidi, na ina kipimo cha damu cha CA125 ambacho kwako hakina kazi kubwa. Msilinganishe kadi za kliniki.

Dalili za kuzikariri si nyingi. Damu ukeni, au majimaji mapya yenye rangi au harufu, au damu baada ya tendo la ndoa: simu siku hiyohiyo. Damu kwenye mkojo au kinyesi: vivyo hivyo. Mengine yana kipimo cha wiki 2 hadi 3, maana mwili una maumivu yake ya kupita: maumivu ya nyonga, tumbo la chini au mgongo wa chini yanayokaa au kukuamsha usiku, tumbo kujaa, hamu ya kula kupotea, kupungua uzito bila kujaribu, choo au mkojo kubadilika, kikohozi kisichoisha, uvimbe kwenye kinena au shingoni, mguu kuvimba. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hiyo huenda ni damu iliyoganda: usimsubiri muuguzi, piga 999, simu ya dharura ya Uingereza.

Weka daftari dogo: tarehe, ulichoona, kiasi gani, kilidumu muda gani. Ile alama yako iandike leo kama ulivyotuandikia, “ukucha wa kidole kidogo, waridi”. Maelezo ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko kusema “damu kidogo”. Ukiona nyingine, ipige picha.

Hapa tuseme jambo la Kipwani ambalo karatasi ya Leicester haitalitaja. Shabu, marashi, mitishamba ya kuingizwa na kujifukiza chini, yaache. Utando uliokonda huchubuka na kuungua haraka, na hutoa majimaji na damu zinazofanana kabisa na dalili tulizozitaja. Utakuwa umejiharibia ishara unayoitegemea. Kama ukavu unakusumbua, kuna vilainishi visivyo na homoni vinavyotumika mara 2 au 3 kwa wiki hata bila tendo la ndoa. Krimu ya estrojeni usianze bila kumuuliza muuguzi wako.

Hofu nayo ina haki ya kutajwa. Utafiti wa Denmaki wa 2018 ulionyesha kwamba wanawake walioachiwa wapige simu wenyewe walipungukiwa na hofu ya saratani kurudi, lakini si kwa kiasi cha wale walioendelea kwenda kliniki. Kwa hiyo si wewe peke yako. Utafiti mwingine wa Uingereza, wenye wanawake 259, ulichapishwa 2017 na ulionyesha kwamba ufuatiliaji wa muuguzi kwa simu haukuwaongezea wanawake wa hatua ya kwanza mahangaiko kuliko kliniki. Muuguzi anayepiga kwa tarehe ni njia ya kati. Uliza kama hospitali yako inayo. Na kupiga simu kwa sababu umeingiwa na hofu, bila dalili, ni sababu halali ya kupiga.

Safari ya Mombasa. Usiondoke kabla ya alama ile kuchunguzwa na majibu kutoka. Baada ya hapo mwambie muuguzi tarehe za kwenda na kurudi. Beba nakala mbili: muhtasari wa mwisho wa matibabu na ripoti ya maabara ya kizazi kilichotolewa; ukiwa huna, omba, ni haki yako. Piga picha ziwe kwenye simu. Uliza namba ya mezani ya kawaida, kwa sababu namba zinazoanza na 0800 mara nyingi hazishiki kutoka nje. Ukipiga kutoka Kenya anza na +44 na uache ile sifuri ya mbele. Bima ya safari itajiwe saratani, la sivyo wanaweza kukataa kulipa. Na kwa kuwa unapita miezi 3 nje, GP anaweza kukuondoa kwenye orodha yake: wajulishe, na ukirudi hakikisha bado umesajiliwa, na anwani na namba ya simu ni zilezile hospitalini.

Ukitoka damu ukiwa Mombasa, usingoje kurudi. Nenda kwa daktari bingwa wa wanawake, mpe ripoti, mwombe akutazame kwa spekulamu. Ultrasaundi ya tumbo peke yake haitoshi. Mshono wa juu ya uke unaweza kuwa na tatizo na picha ya tumbo ikasema kila kitu kiko sawa. Pap smia nayo haijibu swali hili. Kisha mpigie muuguzi Leicester umweleze.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania, msichukue barua hii mkaacha kliniki zenu. Kwetu wengi hutibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, na anayetoka Kigoma kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hawezi kuonwa kesho kwa kupiga simu. Mpango huu unasimama pale tu mlango unapofunguka haraka. Dalili zikaririni, tarehe zishikeni.

Kuna upande wa pili ambao kliniki za saratani huupita haraka. Kwa wanawake wenye saratani ya mfuko wa uzazi ya hatari ndogo, ugonjwa wa moyo na mishipa huua wengi kuliko saratani yenyewe, kwa sababu uzito mkubwa, kisukari na presha huandamana na saratani hii. Mwombe GP akupime presha, wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita na lehemu, na kabla ya Novemba awe amekupa dawa za kukutosha safari kama unazitumia.

Mdogo wako sasa. Muulize muuguzi swali moja: je, nyama yangu ilipimwa kwa ajili ya ugonjwa wa Lynch? Huo ni urithi wa kifamilia unaoongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya kizazi, na tangu 2020 mwongozo wa Uingereza unataka kila saratani ya mfuko wa uzazi ipimwe. Majibu yakiwa hayana dalili zake, mdogo wako hahitaji kipimo maalumu kwa sababu yako. Yakiwa nazo, utapelekwa kwa wataalamu wa jenetiki, nao watakupa barua ya kumpelekea yeye na watoto wako, na ufuatiliaji wake utahusu zaidi kamera ya utumbo mpana. Vyovyote iwavyo, mwambie asitegemee Pap smia kwa jambo hili, maana kipimo hicho hutazama mlango wa kizazi. Akitoka damu mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukatika, aende wiki hiyohiyo apigwe ultrasaundi ya ndani kupima unene wa utando wa kizazi, na utando ukionekana mnene achukuliwe kipande kipimwe.